Sisi Huku Hatujambo

Kaplemboi, juu ya Elburgon
9 Februari 2025

Kwa mwanangu mpendwa Zeddy,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi senge yako Jepleting, dada ya marehemu baba yako, na kutoka kwa Kogo wako, mama yangu, ambaye anataka niandike kwamba meno yamebaki manne lakini bado anatafuna mahindi ya kuchoma. Sisi huku sote tu wazima kabisa, hatuna neno, hofu ni kwako wewe uliye mbali.

Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Kijana wangu Kipkoech bado anaziba pancha za malori kule Salgaa na bado hajaoa. Nikimuuliza ananiambia, "Mathe, niko kwa process." Process hiyo ina miaka mitatu sasa, na kama ingekuwa githeri ingeshaiva tukala na kiporo.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Sikio langu la kulia limefunga kabisa, na huku mtandao unashika pale kwa mwamba tu, ambapo upepo nao unataka kuongea. Halafu kuna mambo yanayotaka karatasi. Kipkoech atampa barua hii dereva Makhanu, naye ataifikisha Nairobi na kuipandisha kwenye gari la Namanga.

Sasa haja yangu. Jumanne askari wa msitu walikuja na mkebe wa rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye milango yote, nyumba arobaini na mbili. Yetu ilipewa mbili, moja mlangoni na moja jikoni. Kogo alidhani ni watu wa chanjo, akawatolea kibuyu cha maziwa ya mursik. Wakanywa. Yule kijana aliyeshika brashi alimshukuru sana, na alipokuwa akirudisha kibuyu ndipo akasema tuna siku thelathini za kuhama.

Kesi yetu ya ardhi hii iko kwenye hiyo mahakama ya haki za binadamu huko Arusha tangu mwaka juzi, na wewe unafanya kazi kwa mawakili walioipeleka. Je, majaji wanajua habari za rangi? Waulize kama wanaweza kuwashika hawa watu mkono mpaka kesi iishe. Mizinga ya babu yako bado iko kwenye miti ile ile, na Kogo ana miaka tisini na kitu. Siwezi kumfunga miguu nikamhamisha kama kuku.

Ni mimi senge yako,
Jepleting


Arusha
26 Februari 2025

Senge wangu,

Chamgei. Au niseme shikamoo, maana huku nimezoea kumwamkia kila mtu, hata muuza ndizi. Wao nao wakisikia Kiswahili changu wanacheka, wanasema naongea kama mtu anayetoa amri. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo kwa sababu hapa maziwa yao hayana ladha ya moshi. Mpe Kogo pole ya meno na umwambie asiyamalize yote kabla sijarudi.

Barua yako ilichukua siku kumi na moja kufika. Nimeisoma, nikaisoma tena, nikampelekea Wakili Nasimiyu, ambaye ndiye anayeshika kesi ya Kaplemboi. Kesi yenyewe inaweza kuchukua miaka mingine mitatu au minne, Senge, sitakudanganya. Lakini kuna ombi linaloweza kusikizwa haraka. Mahakama inaombwa itoe amri ya muda, kwamba mambo yabaki yalivyo na watu wasiguswe mpaka iamue nani mwenye haki. Haitolewi ovyo. Lazima tuwaonyeshe majaji kwamba hatari ni kubwa, kwamba imeshafika mlangoni, na kwamba ikitokea hakuna hukumu itakayokuja baadaye ikarudisha kilichopotea.

Wakili alipomaliza kusoma alivua miwani akasema, "Huyu mama aandike tena. Ripoti ya mtaalamu tunayo, lakini hii ni kitu ingine." Kwa hiyo tafadhali niandikie kila kinachotokea, kwa mkono wako, na tarehe na sahihi. Mimi nitatafsiri kwa Kiingereza. Nimeapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba sitaongeza neno wala kupunguza.

Usijisumbue kutafuta maneno makubwa. Andika tu kama unavyoniandikia siku zote.

Wako,
Zeddy


Kaplemboi
23 Machi 2025

Kwa Zeddy, na kwa waheshimiwa majaji,

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wakubwa, nimenunua karatasi mpya yenye mistari na nimemkumbuka Mwalimu Obura wa darasa la sita. Yeye alitufunza kwamba barua ni anwani, tarehe, salamu, halafu haja. Mtoto aliyeanza na haja kabla ya kumjulia mwenzake hali alichapwa viboko viwili, kwa maana hata mbuzi akisikia njaa hulia tu bila kusalimu. Mimi sikuwahi kuchapwa kwa kosa hilo.

Sisi sote watu wa Kaplemboi tu wazima kabisa. Tunakula, tunalala, hatuna neno lolote ila kuwawazia ninyi mlio mbali. Tunatumaini waheshimiwa majaji hawajambo pamoja na familia zao. Kogo anawasalimu na kuwaombea.

Baada ya salamu, habari za huku ni kwamba tarehe 12 mwezi huu, saa tatu asubuhi, askari walikuja na malori mawili, petroli na msumeno wa injini. Walianzia upande wa chini. Wakachoma nyumba kumi na moja. Niliwahesabu waliotoka: watu hamsini na wanane, na kati yao watoto ni ishirini na tisa. Chesang, yule mjane jirani yetu, alitoka na sufuria na Biblia akasahau mablanketi. Alipotaka kurudi ndani walimwambia amechelewa. Ghala lake la mahindi liliwaka mpaka siku ya pili, na harufu yake ilikuwa nzuri kama ya bisi, jambo ambalo lilituuma sana.

Kogo alimtambua mmoja wao, yule aliyekunywa mursik. Akamuuliza, "Wewe si ni ule wa juzi?" Kijana akaangalia chini akajibu, "Kogo, si mimi. Ni order." Nyumba yetu haikuguswa siku hiyo kwa sababu mvua ilianza kunyesha na moto ukakataa.

Kwa sasa wazee na watoto tumewaweka kanisani, maana kanisa halikupakwa rangi. Ni la mbao na upande mmoja haujamalizwa, lakini tumetundika turubai na tunabanana kwa upendo. Kogo ana kikohozi kidogo cha baridi. Mungu ni mwema.

Haya nimeyaona kwa macho yangu.

Jepleting


Arusha
14 Aprili 2025

Senge mpendwa,

Natumai hamjambo nyote na kwamba mvua imewaonea huruma. Mimi nimehamia chumba kingine chenye dirisha. Mwenye nyumba ananiuliza kila Jumapili kama nina mchumba, kwa hiyo unaona wewe na yeye mngepatana sana.

Ombi limeingia. Tarehe 2 niliandamana na Wakili Nasimiyu mpaka kwa msajili wa mahakama, nikasimama pale nikitazama muhuri ukigongwa juu ya kurasa zote, na barua yako ikiwemo. Nilijisikia kama nimempeleka mtu hospitali na amepata kitanda. Upande wa pili, mawakili wa serikali, wamepewa siku za kujibu, kisha majaji watakaa.

Niliitafsiri barua yako yote, hata yale ya familia za majaji. Wakili alicheka kidogo akaniuliza, "Na hizi salamu lazima?" Nikamwambia niliapa. Akasema sawa, iache, inaonyesha ni mkono wa mtu wa kweli.

Kikohozi cha Kogo kikoje? Umeandika "kidogo," na mimi nakujua. Ulipovunjika kifundo cha mguu uliandika "nimejikwaa kidogo." Nimefikiria kuja Pasaka. Ukiniambia nije nitakuja, hata kama wakili atanuna.

Wako,
Zeddy


Kaplemboi
11 Mei 2025

Kwa mwanangu Zeddy,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, tuko salama, hofu ni kwako.

Barua yako niliipata Pasaka ikiwa imeshapita, kwa sababu Makhanu aliharibikiwa na lori Mai Mahiu. Pasaka yenyewe ilikuwa nzuri. Kogo aliimba nyimbo zote, na beti zile ambazo watu huruka yeye hakuruka. Mchungaji ilibidi amngoje.

Habari nyingine ni kwamba nyumba yetu ilichomwa tarehe 25 Aprili. Usishtuke, sisi hatukuwa ndani. Kipkoech alikuwa amekuja kutoka Salgaa kutoa mabati ili angalau tubaki na ya kujikinga, wakamkuta juu ya paa. Ameshtakiwa kwa kuingia msituni bila ruhusa, yeye ambaye kitovu chake kimezikwa pale pale. Ameachiliwa lakini lazima aripoti kituoni kila Jumatatu, na kitambulisho chake wamekaa nacho. Jambo hili limeniharibia mpango. Nilitaka kumtuma kwako mwezi huu, mkae mzungumze ana kwa ana. Sasa hawezi kuvuka mpaka pale Namanga. Mazungumzo hayo yatangoja.

Unauliza kikohozi cha Kogo. Hakohoi tena. Ametulia.

Usije. Hapa huna la kufanya isipokuwa kutuangalia, na sisi tumeshaangaliwa vya kutosha. Kaa karibu na hizo karatasi. Waulize tu majaji kama wao huwa wanaona mvua.

Senge yako,
Jepleting


Arusha
27 Juni 2025

Senge mpendwa,

Natumai barua hii itawakuta wazima. Huku baridi imeingia na Mlima Meru hauonekani kwa wiki nzima. Yule mwenye nyumba wangu amepata mjukuu. Muuza ndizi ameanza kuuza na parachichi. Nimenunua viatu vyeusi vya kwenda mahakamani na vinanibana kidole kidogo.

Nimezunguka vya kutosha. Uamuzi ulitoka tarehe 18. Ombi letu la amri ya muda limekataliwa.

Kesi yenyewe haijafa, inaendelea, na Wakili Nasimiyu anasema nikuandikie hilo kwa herufi kubwa. Lakini kwa sasa majaji hawatawazuia askari. Wamesema hawakuridhika kwamba hali ni ya dharura kwa kiwango kinachotakiwa. Nilikuwa nimekaa nyuma, na ilipofika sehemu hiyo nilianza kutafuta kalamu kwenye mkoba, sijui ya nini, kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Sina zaidi la kusema kuhusu hilo leo. Nisamehe.

Barua yako ya mwisho haikuniletea salamu za Kogo, na haijawahi kutokea. Nilimpigia Kipkoech nikamuuliza. Akaniambia, "Zeddy, network inasumbua," nami nilikuwa namsikia mpaka pumzi. Kisha akakata. Kuna nini?

Wako,
Zeddy


Barabarani, chini ya Kaplemboi
13 Julai 2025

Kwa Zeddy,

Salamu. Sisi huku hatujambo.

Umeona nimebadilisha anwani. Kanisa lilifungwa wiki iliyopita, tukaambiwa nalo liko ndani ya msitu. Sasa tuko kando ya barabara kwenye vibanda vya karatasi za nailoni. Jumatano kulikuwa na sakitu, umande ukaganda, na viazi vya Chesang alivyopanda hapo pembeni viliamka vyeusi.

Niliwasomea watu barua yako. Waliondoka mmoja mmoja wakaenda kutafuta kuni. Ningependa kama wangenitukana, ningejua la kufanya.

Lakini Zeddy, mimi nilikusomesha herufi za kwanza kwenye majivu ya jikoni, najua unapoandika na unapokwepa kuandika. Mwalimu akikunyima alama huandika pembeni sababu. Majaji hawa waliandika nini pembeni? Hukuniambia. Umeandika habari za viatu.

Habari za Kogo nitakujibu, lakini nijibu wewe kwanza.

Jepleting


Arusha
9 Agosti 2025

Senge,

Nilianza barua hii mara nne. Ulikuwa sahihi, nilikukwepa, na haya ndiyo niliyokuficha.

Upande wa pili walipojibu ombi letu hawakukana kwamba kuna nyumba zilizochomwa. Walichukua barua yako, ile ya tarehe 23 Machi, wakainukuu. Wakasema shahidi wa waombaji mwenyewe, siku kumi na moja baada ya tukio, ameandika kwa hiari yake na kwa mkono wake kwamba watu wote wa Kaplemboi ni wazima kabisa, wanakula, wanalala, na hawana neno lolote. Wakasema wazee na watoto wana makao, na wanabanana kwa upendo. Wakasema mtu aliye hatarini haulizi habari za familia za majaji. Sehemu hiyo majaji waliirudia katika uamuzi wao, aya ya thelathini na moja. Naijua kwa kichwa sasa.

Wakili Nasimiyu alitutetea vizuri. Aliwaeleza kwamba kwetu ndivyo barua inavyoanza, kwamba hata mtu aliyelazwa huandika hajambo. Walimsikiliza kwa heshima. Lakini walisema wao wanaamua kwa kilichoandikwa, na kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyeonyeshwa kupata madhara yasiyoweza kurekebishwa.

Senge, kosa si lako. Mimi ndiye niliyekuambia uandike kama siku zote. Nilipokuwa natafsiri ile sentensi mkono wangu ulisita, naapa ulisita. Kwa Kiswahili nilisikia sauti yako ukiingia mlangoni. Kwa Kiingereza niliona maneno yamekaa pale peke yake, yakisema mko sawa. Nikajiambia niliapa kutopunguza. Ningeweza kukurudishia barua ukaiandika upya. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye muhuri. Najichukia kwa hilo, na hapa hakuna ninayeweza kumwambia.

Wakili anasema tunaweza kuomba mara ya pili kama kuna mambo mapya. Nakuomba uandike tena, na safari hii usisalimu. Usinijulie hali, usiwajulie majaji hali, usimtaje Mungu kwamba ni mwema. Anza na lile baya kuliko yote.

Nami nimekujibu. Kogo yuko wapi?

Zeddy


Barabarani, chini ya Kaplemboi
31 Agosti 2025

Zeddy,

Hatuko wazima.

Kogo alikufa tarehe 30 Aprili, saa nane mchana, ndani ya kanisa, upande ule wa turubai. Jina lake lote ni Taprandich Kobilo, waandikie hivyo. Alikuwa akikohoa tangu wiki ile ya moto wa kwanza. Nilikiita kikohozi kidogo. Kilikuwa kikohozi cha kumkunja mpaka magoti yanagusa kidevu, na siku za mwisho kilikuwa na damu. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani mara mbili ili apelekwe hospitali. Mara ya kwanza mvua ilikuwa imekata daraja. Mara ya pili askari kwenye kizuizi walisema tukitoka hatutaruhusiwa kurudi. Kogo akasikia, akasema turudi, hawezi kwenda kufia mahali asipomjua mtu. Nilimtii. Ningekuwa mtoto mbaya ningemkatalia, na labda angekuwa hai.

Tulimzika kesho yake nyuma ya nyumba iliyoungua, karibu na babu yako. Tulichimba wakati mvua kubwa inanyesha kwa sababu askari walikuwa wamejikinga kwenye gari lao. Kipkoech alichimba, na mimi, na Chesang. Hatukuimba kwa sauti. Yeye ambaye Pasaka hakuruka hata ubeti mmoja, alizikwa kwa minong'ono.

Nilipokuandikia tarehe 11 Mei alikuwa na siku kumi udongoni. Niliandika ametulia. Niliandika hakohoi. Sikuandika uongo, lakini nilijua ninachofanya. Wewe unajua kwetu kifo hakiandikwi wala hakipigiwi simu. Mtu hutumwa. Anafika, anakaa nawe, anakupa maji, anangoja uyanywe, ndipo anasema, na ukianguka yuko wa kukushika. Safari hiyo ingekuwa ya Kipkoech. Lakini kitambulisho chake walikuwa wameshakichukua, nikabaki na habari na sina miguu ya kuipeleka. Nikamwapisha asikwambie kwa simu. Usimkasirikie, alilia siku uliyopiga.

Kwa hiyo majaji walipokaa tarehe 18 Juni na kuandika kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyeonyeshwa kuumia, Kogo alikuwa na wiki saba kaburini, na sababu ya wao kutoonyeshwa ni mimi. Nilikuwa natunza moyo wako. Umeniandikia kwamba unajichukia kwa sentensi moja. Basi tugawane, maana yangu ni kubwa kuliko yako.

Mambo mapya ni haya. Nyumba zote arobaini na mbili zimekwisha, usiombe nyumba. Wiki iliyopita walileta miche ya saiprasi na wakaanza kuchimba mashimo ya kupanda, kwa mistari, kwa kamba, mmoja baada ya mwingine. Nilipenya juzi asubuhi nikaenda kuangalia. Kuna shimo kwenye miguu ya Kogo na jingine juu ya kifua cha babu yako. Miche bado haijaingia, iko kwenye makopo pale pembeni, inangoja mvua za Septemba. Hakuna jiwe wala msalaba, tulikuwa hatujaweka. Mti ukishamea hapo hakuna atakayejua kulikuwa na mtu, na majaji wakija kutupa haki yetu mwaka wa 2029 hatutajua pa kwenda kumwambia. Waombe hilo. Wasimamishe mashimo mawili. Sijui kama ni dharura kwa kiwango kinachotakiwa.

Nimeandika bila salamu kama ulivyoomba, Mwalimu Obura anisamehe. Ilinichukua siku tatu kuandika mstari wa kwanza. Haya nimeyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu.

Jepleting

Mwambie Wakili akate karatasi hapa kwa makasi. Kilicho chini ya mstari huu si cha mahakama.

________________

Chamgei, mwanangu.

Siku ile ya Pasaka Kogo alikutaja. Aliuliza kama huko uliko kuna mtu wa kukuchemshia chai ukiwa na homa. Nilimwambia yupo, ingawa sijui.

Nilitaka kukutumia mtu na nimekutumia karatasi. Kama umesoma haya ukiwa peke yako, inuka sasa hivi, nenda kwa huyo mwenye nyumba mwenye mjukuu, umwambie akupe maji, na ukae kwake mpaka uyamalize.

Halafu unijibu, kabla ya habari zozote za majaji. Hujambo wewe? Umekula? Na usiniandikie kwamba huna neno.

Senge yako